Kila Mnyama na Dunia Yake: Funzo kwa Walindao Usiku

Mwenye macho haambiwi tazama. Ndivyo walivyonena wahenga wetu, na neno lao ni la kweli katika mambo mengi. Hata hivyo, askari yeyote aliyekwisha kukaa lindo usiku akiwa na mbwa ubavuni mwake atakubaliana nasi kwamba yako mambo ambayo macho ya mwanadamu, hata yawe makali namna gani, hayawezi kuyafikia. Ni saa nane za usiku. Lango limefungwa, upepo ni mdogo, na mvule ulio kando ya njia umesimama kimya. Askari anatazama gizani wala haoni kitu. Mara mbwa anainua kichwa, anasimamisha masikio, na pua yake inaanza kuchezacheza kuelekea upande mmoja. Wawili hao wamesimama mahali pamoja, katika dakika ile ile, wakilinda lango lile lile. Lakini yaliyo mbele ya mmoja siyo yaliyo mbele ya mwenzake.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa ndugu zetu walio katika majeshi na polisi, jinsi wanyama mbalimbali wanavyoijua dunia inayowazunguka. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Askari hutembea porini penye nyoka na mbung'o, hukutana na ndovu katika doria, na hufuata mbwa katika upelelezi. Asiyejua mnyama anaona nini na haoni nini aweza kupoteza uhai wake mwenyewe. Na lililo baya kuliko hilo, aweza kumtia kifungoni mtu asiye na hatia.

MTAALAMU NA KUPE WAKE

Kwa miaka mingi watu waliwafikiria wanyama kwa njia mbili. Wako waliosema kwamba mnyama ni mtambo tu, ukiuchokoza hapa hujibu pale. Wako wengine waliomfanya mnyama kuwa mtu mdogo mwenye mkia, afikiriye na kuona kama sisi. Jakob von Uexküll, mtaalamu wa elimu ya viumbe aliyezaliwa mwaka 1864 katika nchi ya Estonia, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Dola ya Urusi, alizikataa njia zote mbili. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1909, na katika kingine cha mwaka 1934 alichokiandika kwa lugha nyepesi zaidi, alifundisha kwamba kila mnyama anaishi katika dunia yake mwenyewe. Dunia hiyo hufumwa na milango ya fahamu ya mnyama huyo, na yale yasiyoweza kupita katika milango hiyo ni kama hayapo.

Mfano wake mashuhuri ulikuwa wa kupe, mdudu ambaye wafugaji wetu wamjua vizuri mno. Kupe jike aliyemsimulia Uexküll hana macho. Ngozi yake huhisi mwanga, na kwa huo mwanga hupanda juu ya unyasi na kukaa hapo akingoja. Aweza kungoja siku nyingi sana. Jua linachomoza na kutua, ndege wanaimba, mvua inanyesha. Yote hayo si kitu kwake. Lakini apitapo mnyama mwenye damu moto, harufu ya tindikali itokayo katika ngozi ya mnyama huyo humfikia kupe, naye hujiachilia. Akiangukia penye joto hujua kwamba amefika. Halafu hutafuta mahali pasipo na manyoya, akatoboa na kunywa damu. Mambo matatu tu basi: harufu, joto na ngozi. Kwa kupe hakuna ng'ombe wala mbuzi, hakuna kuruta wala jenerali; wote ni harufu ile ile na joto lile lile.

Msomaji asimcheke kupe. Dunia yake ni ndogo, lakini haimdanganyi. Sisi wenye macho mawili na elimu nyingi hupita juu ya unyasi ule ule bila kumwona, naye ndiye anayetupata.

Uexküll alieleza pia kwamba kitu kimoja huwa vitu vingi kwa kadiri ya wale wakitazamao. Yeye alitoa mfano wa mti wa mwaloni wa kwao Ulaya. Sisi na tuutazame ule mvule wetu wa langoni. Seremala auonapo huhesabu mbao. Askari huona mahali pa kujificha, au mahali ambapo adui aweza kujificha. Popo wa matunda hajali mbao wala maficho. Kwake mvule ni tunda lililoiva. Mchwa hajui hata kama mti una matawi. Yeye ajua ganda na ufa uliomo. Mti ni mmoja, na dunia zake ni nyingi.

MBUNG'O NA RANGI YA BULUU

Hapa kwetu Uganda twaujua ubaya wa mbung'o. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa wa malale uliwaua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Viktoria, katika Busoga na Buganda. Vijiji vizima vilihamwa. Wakati ule watu walimjua mbung'o kwa uchungu wa kuumwa naye tu. Hawakujua yeye mwenyewe huionaje dunia.

Baadaye wataalamu waliamua kumchunguza. Waligundua kwamba mbung'o hufuata harufu ya pumzi na ya mkojo wa wanyama, na kwamba huvutwa na kitu kikubwa kinachokwenda, ndiyo maana hulikimbilia gari lipitalo porini kana kwamba ni nyati. Tena waligundua kwamba rangi ya buluu humvuta kutoka mbali, na rangi nyeusi humfanya atue. Maarifa haya yaligeuzwa kuwa silaha. Mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi ilitengenezwa, na katika West Nile vibao vidogo vya kitambaa cha buluu chenye wavu mweusi uliotiwa dawa vilisimikwa kandokando ya mito. Mbung'o huja akidhani amepata mnyama, akagusa dawa, akafa. Kwa mitego hiyo, pamoja na kazi ya waganga waliowapima na kuwatibu wagonjwa, mambo yalibadilika hata mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba Uganda imeikomesha ile aina ya malale iitwayo gambiense isiwe tena tatizo la afya ya umma.

Tazameni basi, adui huyu hakushindwa kwa nguvu peke yake. Alishindwa pia kwa sababu watu walikubali kujiuliza yeye anaona nini. Na askari aendaye doria penye mbung'o avue funzo dogo hapa: nguo ya buluu iliyokolea au nyeusi ni mwaliko.

NDOVU AMJUA MTU KWA SAUTI

Tukitoka kwa mdudu twende kwa mkubwa wa pori. Ndovu haoni vizuri sana, lakini pua na masikio yake yapita yetu mbali. Mwaka 1984, katika bustani ya wanyama ya Portland huko Marekani, mtaalamu Katy Payne alisimama karibu na ndovu akahisi hewa inatetemeka kifuani mwake ingawa hakusikia sauti. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba ndovu huzungumza kwa sauti nzito mno, chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, mahali ambapo sikio la mwanadamu halifiki. Sauti hizo husafiri kilomita kadhaa, na mitetemo yake hupita hata ardhini, nao huihisi kwa nyayo zao. Ndiyo maana askari wa hifadhi aweza kuona kundi zima likisimama ghafula na kugeuka pamoja, bila yeye kusikia amri yoyote.

Ajabu zaidi ilionekana Amboseli, nchini Kenya. Mwaka 2007 wataalamu walieleza kwamba waliwawekea ndovu nguo zilizokuwa zimevaliwa na Wamasai na nyingine zilizovaliwa na Wakamba. Ndovu waliponusa nguo za Wamasai walikimbia mbali zaidi, kwa kuwa morani wamepata kuwachoma ndovu mikuki, lakini Wakamba wa pale ni wakulima wasiowatisha sana. Mwaka 2014 ikaelezwa tena kwamba ndovu hao hutofautisha hata sauti. Waliposikia mwanamume akisema Kimasai walikusanyika pamoja na kurudi nyuma; waliposikia sauti ya mwanamke au ya mtoto wa kiume, hawakuogopa kiasi hicho.

Maana yake ni kwamba ndovu hawatuoni sisi sote kuwa watu tu. Hutupanga katika mafungu kwa matendo yetu. Askari wa hifadhi akumbuke kwamba yeye naye yuko katika fungu fulani ndani ya kichwa cha ndovu, na fungu hilo laweza kuwa jema au baya kwa kadiri ya mwenendo wa waliovaa sare ile kabla yake.

PUA YA MBWA

Sasa na turudi kwa yule mwenzetu wa lindoni. Hukadiriwa kwamba pua ya mbwa ina chembe za kunusia zipatazo milioni 200 au 300, na ya mwanadamu ina milioni 5 au 6. Akinusa kwa bidii huvuta hewa mara tano hivi kwa sekunde, na hewa anayoitoa hupita katika nyufa za kando ya pua, isije ikaifukuza harufu mpya inayoingia. Masikio yake husikia mlio mwembamba wa mitetemo ipatayo 45,000 kwa sekunde, na yetu sisi hukoma kwenye 20,000. Nyuma ya macho yake kuna utando ung'aao kama kioo, unaorudisha mwanga mara ya pili. Kwa hiyo huona gizani kuliko sisi, na kwa hiyo macho yake huwaka ukimmulika kwa tochi.

Lakini mbwa naye ana mapungufu yake. Hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Tone la damu juu ya majani mabichi, ambalo koplo hulikuta mara moja kwa macho, mbwa halioni kama jambo la pekee. Hulikuta kwa pua. Kitu kilicho mbali na kilichotulia, mwanadamu hukipambanua vizuri zaidi. Tena mbwa aliyechoka kwa joto hutweta kwa kinywa, na mbwa anayetweta hanusi sawasawa. Mtu amwongozaye mbwa saa saba za mchana, juani, bila maji, kisha akasema mbwa hakupata kitu, hajajua kama kitu hakikuwapo.

Hapa lazima tumtaje moma, ambaye wengine humwita kifutu au bafe. Nyoka huyu mnene hawindi kwa kukimbia. Hulala kando ya njia kama askari wa kuvizia, rangi yake ikifanana na majani makavu, akingoja siku hata siku. Mwaka 2015 wataalamu wa Afrika Kusini walieleza kwamba waliwafundisha mbwa kutambua harufu za nyoka, kisha wakawapa ya moma aliye hai. Mbwa walishindwa. Walilitambua gamba alilolivua, lakini moma mwenyewe atuliapo ni kana kwamba hana harufu. Wanyama wamlao nyoka huishi kwa pua, naye amejificha katika mlango uleule wanaoutegemea. Basi askari aliye nyuma ya mbwa porini asiseme, "Mbwa ametangulia, njia ni salama." Atazame anapokanyaga.

FARASI WA BERLIN

Tumesema mbwa ana pua kubwa kuliko yetu. Sasa twataka kusema jambo lililo gumu zaidi, nalo ndilo hasa lililotufanya tushike kalamu. Mbwa hanusi mwivi tu. Humsoma pia bwana wake.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika mji wa Berlin, mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aitwaye Hans. Ilisemekana farasi huyo ajua hesabu. Aliulizwa tatu na nne ni ngapi, naye akagonga kwato chini mara saba. Watu walijaa kumtazama. Mwaka 1904 wataalamu na watu mashuhuri waliketi kama tume wakamchunguza, nao hawakuona hila yoyote. Wala haikuwapo hila. Mwalimu yule alikuwa mtu mwaminifu.

Ndipo kijana mmoja mtaalamu, Oskar Pfungst, alipoanza kumjaribu farasi kwa utaratibu, na mwaka 1907 akayatangaza aliyoyapata. Muulizaji alipokuwa hajui jibu, Hans naye hakujua. Hans alipozuiwa asimwone muulizaji, alishindwa. Siri ilikuwa hii: mtu aliyeuliza aliinama kidogo kuitazama kwato, na hesabu ilipofika alipopatarajia, kichwa chake kiliinuka kiasi kidogo mno, bila mwenyewe kujua. Farasi aliuona mwinuko huo akaacha kugonga. Katika dunia ya Hans hazikuwamo hesabu. Ulimwomo uso wa mtu na zawadi ya chakula, na uso ule aliusoma kuliko tunavyosomana sisi wenyewe.

MBWA ASOMAYE MOYO WA BWANA WAKE

Msomaji atauliza, farasi wa Ulaya atuhusu nini sisi polisi? Jibu lilipatikana mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha California, huko Davis. Wataalamu waliwachukua mbwa 18 waliofundishwa kutafuta dawa za kulevya au baruti, pamoja na waongozaji wao, wakawapeleka katika jengo la kanisa. Ndani ya jengo hapakuwa na dawa wala baruti hata chembe. Lakini waongozaji waliambiwa kwamba huenda vitu hivyo vimo, na kwamba karatasi nyekundu zaonyesha vilipo. Ilifanywa misako 144. Iliyokwisha bila mwongozaji kusema kwamba mbwa ameonyesha kitu ilikuwa 21 tu. Na mahali palipotajwa zaidi ni pale penye karatasi nyekundu, ambayo kwa mbwa si kitu. Aliyeijua maana yake alikuwa mtu.

Ama mbwa walisoma miili ya waongozaji wao, wakawapa walichokitaka. Ama waongozaji waliona walichokitarajia. Kwa mshtakiwa yote mawili ni mamoja. Hebu tufikiri jambo hili katika kijiji. Duka limevunjwa usiku. Watu wamekusanyika, wananong'ona jina la kijana fulani ambaye hapendwi. Mwongozaji amelisikia jina hilo kabla hajamfungua mbwa. Anafika mbele ya nyumba ya kijana, na mguu wake unapunguza mwendo kidogo tu. Kamba inalegea kidogo tu. Mbwa anasimama. Umati unapiga kelele, "Huyo! Huyo!" Tangu dakika ile ni nani atakayesikiliza maneno ya kijana? Watu husema mbwa hana chuki, mbwa hahongwi, mbwa hasemi uongo. Ni kweli. Lakini mbwa apenda kumridhisha bwana wake, na bwana wake aweza kuwa na chuki, naye aweza kukosea.

Mahakama za Afrika Mashariki zimeonya tangu zamani kwamba ushahidi wa mbwa upokewe kwa uangalifu mkubwa, na kwamba mwongozaji aeleze mafunzo, ujuzi na tabia ya mbwa wake. Si kwamba mahakimu wanawadharau mbwa. Wametambua kwamba mbwa hawezi kupanda kizimbani akaulizwa ni nini hasa alichonusa.

Kwa hiyo twawaomba ndugu zetu wa kikosi cha mbwa wazingatie mambo machache. Mwongozaji asiambiwe nani anashukiwa kabla ya kazi yake. Mahali pa tukio pasikanyagwe na umati. Mbwa ajaribiwe mara kwa mara mahali ambapo hapana kitu kabisa, na asifiwe anapopita bila kusimama, ili ajue kwamba kutokupata nako ni kazi njema. Makosa yake yaandikwe daftarini kama yanavyoandikwa mafanikio yake. Na mbwa akisha kuonyesha, upelelezi ndiyo kwanza unaanza. Atafutwe shahidi, itafutwe mali, upimwe unyayo. Mgala muue na haki yake umpe.

PANYA BUKU WA MOROGORO

Ili isionekane kwamba twawakatisha tamaa wanaofanya kazi na wanyama, tutoe mfano wa kazi hiyo ikifanywa kwa utaratibu. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, huwafundisha panya buku katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, nchini Tanzania. Panya huyu ni mnyama wa usiku. Macho yake ni dhaifu, na dunia yake karibu yote ni harufu. Hufundishwa kwamba akinusa baruti na kukwaruza ardhi, husikia mlio mdogo, kisha hupata ndizi. Kwa kuwa uzito wake ni kilo moja na kidogo tu, hupita juu ya bomu la kutegwa ardhini bila kulilipua. Mtambo wa kutafuta chuma hupiga kelele kwa kila msumari na kila kifuniko cha chupa. Panya hajali chuma, hutafuta baruti.

Na jambo la kuigwa ni hili: kabla panya hajaruhusiwa kwenda kazini hupewa mtihani katika uwanja ambamo mabomu yamefichwa, na wanaomwongoza hawajui yako wapi. Hivyo hawezi kusoma nyuso zao. Akifaulu, amefaulu kwa pua yake. Kosa la Berlin limezibwa.

Panya hao walisaidia kazi iliyoiwezesha Msumbiji kutangazwa mwaka 2015 kuwa imeondolewa mabomu ya kutegwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia mwaka 2016. Alikagua zaidi ya meta za mraba 225,000 na kugundua mabomu na vitu vingine vya kulipuka zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza, akastaafu mwaka 2021, na akafa Januari 2022. Sisi Waganda, ambao nchi yetu ilitangaza mwaka 2012 kwamba imemaliza kuyaondoa mabomu yaliyobaki ya vita, twajua vizuri thamani ya mguu mmoja wa mtoto uliosalimika.

Je, Magawa alijua kwamba anaokoa watu? La hasha. Katika dunia yake haikuwamo vita, hakuwamo adui wala nishani. Harufu ya baruti kwake ilikuwa dalili ya ndizi. Ushujaa na maana ya kazi ile vilikuwa upande wa wanadamu waliomfundisha, wakampaka mafuta masikioni asiunguzwe na jua, wakamwamsha kufanya kazi alfajiri kabla ya joto, na wakaijua mipaka yake.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii ilitungwa kwa ajili ya watu, nasi twaona kwamba yawaenea na wanyama. Usiku wa leo, afande, ukiwa langoni na mbwa akainua kichwa, usimpuuze na usimfanye hakimu. Amepokea habari kutoka katika dunia usiyoweza kuingia. Angalia upepo unatoka wapi. Mpe nafasi anuse. Legeza kamba, na uutulize mwili wako usije ukamwambia unachokitarajia. Kisha nenda kwa hadhari ukatazame kwa macho yako mwenyewe, kwa kuwa kujua ni nani aliyesimama pale chini ya mvule, na kama ana hatia au hana, hiyo si kazi ya mbwa. Ni kazi yako.